Filimbi na karti: nivo za Mario 3 ambazo karibu hakuna mtu aliyeziona

Wandugu, hapa tumezoea kubishana juu ya vitabu na filamu. Leo naomba mniruhusu niseme juu ya mchezo wa video. Najua wamoja watasema: huyu naye amemaliza licence, bado iko mu mambo ya watoto! Mnivumilie kidogo, kisha mtasema.

Mchezo wenyewe unaitwa Super Mario Advance 4: Super Mario Bros. 3. Ulitoka mwaka 2003 kwa Game Boy Advance, ile konsoli ndogo ya mkononi. Si mchezo mpya. Ni Super Mario Bros. 3 ya Japani ya mwaka 1988, ilichorwa upya na kuingizwa mu kaseti ndogo kuliko kiberiti. Mimi niliucheza ku telefone, kwa emulateri, wakati wa fakulte, zile usiku umeme imeenda na batri ingali na asilimia 30. Nilimaliza dunia zote 8. Lakini ku menyu kulikuwa mlango mmoja uliokuwa unanisumbua. Ulikuwa unaandikwa World-e. Naingia, hakuna nivo hata moja. Natoka. Kesho yake naingia tena, vilevile. Nilifikiri kopi yangu imeharibika.

Kumbe haikuharibika. Mlango ule ulikuwa unangoja kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na hata watu wengi walionunua kaseti ya kweli hawakuwa nacho. Njo hapo nataka kuanzia, sababu mu kaseti hiyo moja kuna aina mbili za siri, na naona hazina thamani moja.

Siri ya kwanza wote waliocheza Mario 3 wanaijua: filimbi. Mu nivo ya tatu ya dunia ya kwanza, karibu na mwisho, kuna bloki kubwa nyeupe. Unapanda juu yake, unafinya chini, unangoja kama sekunde 5. Mario anaanguka nyuma ya picha, kama mtu aliyepita nyuma ya pazia ya teatre. Unakimbia haraka mpaka unapita mwisho wa nivo, unakuta nyumba, na ndani ya sanduku kuna filimbi. Ukiipiga inakupeleka mpaka fasi ya kuchagua dunia za mbele. Kuna filimbi 3 mu mchezo mzima. Nyingine iko mu ngome ya kwanza: unaruka juu ya dari, unatembea fasi ambayo macho haioni.

Siri hiyo inakuomba nini? Inakuomba uangalie vizuri, uwe na mashaka na ukuta. Ao uwe na rafiki wa kukuambia. Mimi niliambiwa na mdogo wangu, naye aliambiwa na mtoto wa jirani. Haitaki franka hata moja, na yule asiyeiona anamaliza mchezo bila shida. Zaidi ya hapo, ukisha kuipata, unaanza kuangalia kila bloki kwa macho mengine. Mchezo mzima unakuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Siri ya pili njo ile World-e. Ili nivo zake zifunguke, ulihitaji kifaa kinaitwa e-Reader, ambacho unapachika ku konsoli. Kisha unanunua karti za karatasi, kila moja iko na mstari wa vidoti vidogo sana pembeni. Unapitisha karti, e-Reader inasoma vidoti. Lakini konsoli inayosoma karti haiwezi pia kucheza kaseti wakati uleule. Kwa hiyo unahitaji konsoli ya pili, na kamba ya kuunganisha zote mbili. Hesabuni wenyewe: konsoli 2, kaseti, kamba, e-Reader, na karti zenyewe. Hiyo yote ili Mario aruke nivo moja ya dakika 2.

Na hata mwenye feza alikwama. E-Reader ilitoka Japani mwaka 2001, Marekani mwaka 2002, na Ulaya haikuuzwa kamwe. Kwa hiyo mtoto wa Ubelgiji aliyenunua mchezo huo hakuwa na njia. Marekani walipata nivo kidogo kuliko Japani. Nivo zote kwa jumla ni 38, lakini kaseti iliweza kuhifadhi 32 tu kwa mara moja. Maana yake hata yule aliyekusanya kila karti alipaswa kufuta zingine ili aingize zingine.

Sasa, je, zilistahili kutafutwa? Niliwahi kuzicheza baadaye, sababu wapenzi wa mchezo walisoma karti zao, wakahifadhi data, wakaipitisha kwa wengine. Jibu langu ni ndiyo, na hilo njo linaniuma. Kwa maoni yangu, mu World-e kuna kazi ya ujasiri kuliko mu dunia nyingi za mchezo wenyewe.

Angalieni Vegetable Volley. Mimi mtu wa agronomia nilicheka peke yangu: Mario anangoa mboga mu udongo na kuzitupa kwa maadui! Mboga hizo zinatoka mu Super Mario Bros. 2, mchezo tofauti kabisa, na hapa zimepandwa mu udongo wa Mario 3. Kuna nivo zingine Mario anavaa ile kepi ya Super Mario World ya mwaka 1990, anaruka nayo kati ya maadui ambao hawakuumbwa kukutana nayo. Kuna Classic World 1-1, ambayo ni ile nivo ya kwanza kabisa ya mwaka 1985, bloki kwa bloki, ila wewe uko na mwili wa Mario 3: unaweza kubeba gamba la kobe mkononi, jambo ambalo Mario wa 1985 hakuliweza. Fasi unayoijua kwa moyo inakuwa ngeni.

Siyo kwamba zote ni nzuri. Zingine ni wazo moja tu, linaonyeshwa, linarudiwa, linaisha kabla haujapata jasho. Zingine ni ngumu bila sababu, kama mwalimu anayeuliza swali ili watu wafeli. Lakini hata zile dhaifu zinaonyesha watu waliokuwa wanajaribu: tukichanganya hiki na kile, itatoa nini? Miaka 12 baadaye, mwaka 2015, ilitoka Super Mario Maker, ambapo mchezaji mwenyewe anajenga nivo. Ukicheza World-e unaona hamu hiyo ilishaanza zamani, lakini ilifungiwa mu pakiti za karti.

Kitu kimoja nilikuja kukielewa baadaye, na kilibadilisha hukumu yangu. Mstari mmoja wa vidoti unabeba karibu kilobaiti 2. Hiyo ni kidogo sana, picha moja ya WhatsApp inauzidi mara nyingi. Picha ya kepi na namna inavyoruka haziwezi kukaa mu karti, na mboga vilevile. Vyote viko ndani ya kaseti. Karti inaleta mpango tu: weka bloki hapa, adui pale, shimo kule. Kwa hiyo kila aliyenunua mchezo alikuwa tayari na mbegu mu stoo yake. Kilichokosekana ni karatasi ya kumwambia apande wapi.

Kuna rafiki mmoja tuliyebishana naye juu ya hii. Aliniambia: «Kaka, unatesa watu wa bure. Mchezo wa dunia 8 ulikuwa kamili. Karti zilikuwa nyongeza. Nani analia juu ya nyongeza?» Iko na haki kwa sehemu. Dunia 8 ni kamili kweli, hakuna aliyedanganywa. Tena mwaka 2003 konsoli ya mkononi haikuwa na intaneti, na kupitisha nivo nzima mu kipande cha karatasi ni akili kubwa. Hapo nawavulia kofia.

Lakini mimi nasema hivi: njia ya kufikia kazi ni sehemu ya kazi. Tunapohukumu kitabu, tunauliza kama kimeandikwa vizuri. Tuulize pia: kilifanyiwa nani, na huyo mtu angekipata namna gani? Filimbi inajibu: ni ya kila mtu anayeangalia vizuri. Karti inajibu: ni ya yule iko na konsoli mbili na anaishi mu inchi fulani. Waliotengeneza nivo hizi walifanya kazi nzuri, na wao wenyewe walikubali ifungiwe nyuma ya mlango ambao karibu hakuna mtu angeufungua. Hilo si kosa la mchezaji.

Baadaye Nintendo wenyewe walifungua: walipouza mchezo tena ku Wii U, nivo zote 38 ziliwekwa ndani bila karti. Kisha duka la Wii U likafungwa mwezi wa 3 mwaka 2023. Sasa ziko ku Switch, kwa mwenye kulipa abonema. Mlango unahamishwa tu, na ufunguo unabaki kwa mwenye nyumba. Katikati ya hizo zote, waliozitunza bila kulipwa ni wachezaji wa kawaida, walioketi na karti zao wakizipitisha moja kwa moja.

Juu ya nini naleta hii kwenye page ya watu waliomaliza masomo? Sababu nilipokuwa naandika maneno haya niliangalia juu ya kabati, nikaona mémoire yangu. Ni juu ya umbali wa kupanda maharagi na mahindi pamoja mu mashamba ya mulima. Kopi moja nilideposa, nyingine iko kwa mwalimu aliyeniongoza, hii ya tatu inakula vumbi. Iko na kurasa nyingi za Kifaransa na tablo ambazo hata mimi leo nazisoma polepole. Mashamba niliyopima yalikuwa ya watu. Walinipa udongo wao na mbegu zao kwa misimu 2, wakanipa hata viazi vya kula. Hakuna hata mmoja wao aliyepata karatasi moja kutoka kwangu. Mbegu wanazo, udongo wanao. Karti nilibaki nayo mimi.

Na hapo siwezi kusingizia kampuni ya Japani.

Mama mmoja aliyenikopesha shamba, nikikutana naye sokoni, ananiulizaka: «Mutoto wangu, vile mulipimaka, ilitoa nini?» Mara ya kwanza nilimwambia ingali inaandikwa. Mara ya pili nilimwambia imeisha, niko naleta. Hiyo ni miaka 2 sasa. Wiki hii nimeanza kuandika kurasa 2 kwa Kiswahili, na michoro ya mistari ya kupandia. Ya kwanza nitampelekea yeye siku ya soko, kabla hajaniuliza mara ya tatu.