Taa ya Sola Ififishwe kwa Kupunguza Mkondo

Kwa anayetegemea taa ya sola, iwe kijijini Nyabibuye au katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, wati zilizoandikwa kwenye boksi hazimsaidii sana. Anachotaka kujua ni kama betri itafika alfajiri. Ndiyo maana taa nyingi za aina hii huwa na kitufe cha kuchagua mwanga mkali, wa kati au hafifu. Nyuma ya kitufe hicho kuna njia mbili za kufifisha. Ya kwanza hupunguza mkondo unaopita kwenye LED. Ya pili huuacha mkondo ulivyo, ila huuwasha na kuuzima mamia ya mara kwa sekunde, jicho likaona wastani tu. Kwa taa ya betri, njia ya kwanza ndiyo bora, na sababu imo ndani ya LED yenyewe.

Mwanga wa LED hauongezeki sambamba na mkondo. LED nyeupe ya wati moja kwa kawaida hupimwa kwa miliampea 350, kwa volti takriban 3. Ikipewa miliampea 700 itang'aa zaidi, lakini haitafika maradufu: elektroni zikisongamana ndani ya kipande chake kidogo, sehemu kubwa zaidi ya nishati huishia kuwa joto, na joto hilo nalo hupunguza mwanga na kufupisha maisha ya taa. Ukipunguza mkondo hadi nusu, mambo hugeuka: unabaki na zaidi ya nusu ya mwanga, na kwa kuwa volti nayo hushuka kidogo, umeme unaotumika ni chini ya nusu. Ukiukatakata mkondo, kila pigo hupita na nguvu kamili pamoja na hasara zake zote. Ukiacha nafuu ndogo ya LED kupoa, unapata nusu ya mwanga kwa nusu ya umeme.

Watetezi wa kukatakata husema njia yao hulinda rangi ya mwanga, na ni kweli: mkondo ukibadilika, weupe hubadilika kidogo. Kwenye studio ya televisheni hilo lina uzito. Kwa mtoto anayesoma daftari halina. Kumeta ndiko kunakoweza kumsumbua. Mwongozo wa mwaka 2015 wa IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, unataka taa inayozimika kabisa kati ya mapigo iwake angalau mara 1,250 kwa sekunde ili hatari iwe ndogo. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mkondo ukiwa mdogo mno, ufanisi wa LED na wa saketi yake huporomoka. Hapo dawa ni kuchanganya: mkondo ushushwe kwanza, kukatakata kubaki kwa mwanga wa chini kabisa.

Limebaki suala la bei, kwa kuwa kupata mwanga mkali kwa mkondo mdogo kunadai LED nyingi zaidi. Lakini LED za ziada hulipa gharama yake pale zinaporuhusu betri na paneli ndogo kufanya kazi ileile. Mnunuzi anaweza kujipimia dukani: aweke taa kwenye mwanga hafifu, apunge kalamu haraka mbele yake. Akiona kalamu nyingi zilizotengana, mkondo unakatwakatwa, tena kwa kasi ndogo.