Aliyeangikwa kwa Mguu Mmoja: Tatizo la Kufasiri Picha za Taroti Zionekanazo Ndotoni

Ichukuliwe kwamba mtu mmoja wa pwani ameota ndoto ya namna hii. Amesimama kando ya njia asiyoijua. Mbele yake pana mti, na katika tawi la mti huo ameangikwa kijana kwa mguu mmoja, kichwa chini, uso wake umetulia kama wa mtu aliyelala. Nyuma ya mti kuna mnara unaopasuliwa na radi. Miguuni pake mwotaji imeanguka karata moja ya kawaida, saba ya kopa. Aamkapo anatambua kuwa picha mbili za kwanza ni za karata za taroti, zile za kuagulia, alizowahi kuziona kitabuni. Anauliza maana yake.

Jibu la haraka halikosekani. Kijitabu kiuzwacho pamoja na karata hizo kitamwambia kwamba Aliyeangikwa ni kujitoa mhanga, na Mnara ni maangamizi ya ghafla. Kamusi ya ndoto nayo itamwongezea lake kuhusu mti na njia. Kisha maana hizo hujumlishwa kama hesabu ya dukani, na jumla yake huitwa fasiri. Makala haya yanashikilia kwamba mwenye kufanya hivyo amefasiri karata, wala hajaigusa ndoto. Ndoto huchukua picha. Haichukui lazima na maelezo yaliyobandikwa chini ya picha. Na jambo hili haliwahusu waaguzi peke yao. Mwanafunzi wa fasihi ambaye, kila akutanapo na mwezi katika shairi, huandika pambizoni neno moja lile lile, anatumia kijitabu hicho hicho kwa jina jingine.

Yafaa kwanza kuuliza kama picha hizi zina maana ya asili isiyobadilika. Karata za taroti ni 78. Ishirini na mbili kati yake zina picha za pekee, kama vile Mauti, Nyota, Gurudumu la Bahati na hao Aliyeangikwa na Mnara. 56 zilizobaki zimegawanyika katika mafungu manne ya vikombe, sarafu, panga na fimbo. Zilitokea kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilitengenezwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin ndiye aliyetangaza mjini Paris kwamba karata hizi ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale kilichofichwa katika sura ya mchezo. Alilisema hilo miaka 41 kabla ya Champollion kueleza, mwaka 1822, jinsi ya kuyasoma maandishi ya Wamisri wale. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett aliubomoa uzushi huo katika kitabu chake The Game of Tarot (1980), lakini uzushi mzuri hauui kwa ushahidi, na hadi leo wako wanaoihusisha Misri na karata zilizochorwa Milano.

Historia ya picha ya Aliyeangikwa ni funzo tosha. Katika orodha za kale za Kiitaliano karata hii iliitwa Msaliti. Katika miji ya Italia ya zama hizo palikuwa na desturi ya kuwachora ukutani, hadharani, wasaliti na watu waliokula madeni, wakiwa wamening'inizwa kwa mguu, ili waaibike hata kama wenyewe wamekwisha kukimbia. Mtazamaji wa karne ya 15 aliona fedheha. Mwaka 1909, mjini London, A. E. Waite alitoa seti mpya iliyochorwa na Pamela Colman Smith, na humo kijana yule yule ana nuru inayomzunguka kichwa. Maelezo ya Waite yanazungumzia hekima, majaribu na kujitoa mhanga. Picha ni ile ile kwa umbo, lakini Mmilano angeamka kwa ndoto yetu akitokwa na jasho la aibu, ilhali msomaji wa Waite angeamka akijiona ameneemeka.

Msomaji wa Kiswahili ana ushahidi wa karibu zaidi, na ni ajabu kwamba hautajwi sana. Wachezaji wa karata wa pwani huyaita mafungu manne kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya ni ya Kireno, na kwa Kireno yana maana ya vikombe, dhahabu, panga na fimbo: yaani ni mafungu yale yale ya taroti, yaliyobakia katika ulimi baada ya michoro yenyewe kubadilika ikawa ya mtindo wa Kifaransa. Hata neno turufu, ambalo nalo limetoka katika Kireno, lina udugu na jina la kwanza la karata za taroti kwa Kiitaliano, ambalo maana yake ni ushindi. Basi mchezaji wa Mombasa atupaye kopa barazani anatamka kikombe, anaona umbo la moyo, na hafikirii kikombe wala moyo. Anafikiria kama mwenzake anayo turufu. Maana ya karata kwake ni nafasi yake katika mchezo. Vikombe vimekufa ndani ya neno na mchezo haukupungukiwa na chochote.

Wafasiri wa kale wa ndoto waliifahamu hatari hii kuliko wanavyodhaniwa. Artemidorus, aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 2, alisisitiza kwamba mfasiri sharti ajue kazi ya mwotaji, hali yake na desturi za mji wake. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, na elimu ya ndoto ya Waislamu, ambayo imejulikana pwani ya Afrika Mashariki kwa jina la Ibn Sirin wa Basra (aliyefariki mwaka 728), inashikilia kanuni hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimjia Ibn Sirin, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimwambia atakwenda kuhiji, wa pili akamwambia atakatwa mkono kwa wizi. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba kwa yule wa kwanza aliona dalili za wema na kwa wa pili hakuziona, na kila fasiri akaiegemeza kwenye aya yake ya Kurani. Vitabu vinavyouzwa kwa jina lake vilikusanywa na watu wa baadaye sana, na vingi vimepangwa kama kamusi. Hadithi ya waadhini wawili inawasuta.

Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu ufasiri wa ndoto, alilipeleka jambo hili mbele zaidi. Kwake ndoto ni kama fumbo la picha: anayelitazama kama mchoro huona upuuzi, na anayelisoma kipande kwa kipande, akibadili kila picha kwa neno au silabi, hupata sentensi. Hoja hii ina uzito wa pekee kwa mhakiki, kwa sababu inaifanya ndoto kuwa suala la lugha, na kwa hiyo la lugha fulani. Saba ya kopa katika ndoto yetu haimo katika kijitabu cha taroti. Lakini kwa mwotaji anayeota kwa Kiswahili, kopa ni karata na kukopa ni tendo. Huenda ndoto inazungumzia deni. Mfasiri wa Vienna au London asingeweza kuliona hilo hata angekuwa hodari namna gani.

Hapa kuna kishawishi kinachostahili kukataliwa waziwazi. Imekwisha kusemwa kwamba waliokula madeni walichorwa Italia wakiwa wamening'inizwa kwa mguu. Deni huku, mdeni kule: fasiri inajifunga yenyewe kama kifundo. Ni tamu, lakini haifai. Mwotaji hakujua desturi ile ya Italia. Aijuaye ni mfasiri. Kuitia katika ndoto yake ni kumwotesha mtu ndoto ya mwingine, kosa ambalo wahakiki hulifanya kila siku wanapomtwika mwandishi maktaba yao. Jung angeweza kujibu kwamba picha kama hizi hazihitaji kujulikana ili zitende kazi. Aliandika kwamba picha za taroti zinaelekea kuwa na asili ya mbali katika vikale, taswira za kale zinazokaa katika nafsi fiche ya binadamu wote. Yamkini. Lakini kikale kinachoonekana kuwa fedheha Milano na utukufu London hakimpi mfasiri maana. Kinampa umbo tu. Kwa haki ya Jung isemwe kwamba yeye mwenyewe alimhoji mwotaji kwa subira nyingi kuliko wafuasi wake wengi.

Fasihi imelijaribu tatizo hili kwa vitendo. Katika The Waste Land (1922), T. S. Eliot anamleta mwaguzi, Madame Sosostris, akifunua karata mbele ya mteja. Baadhi ya karata zake zimo katika taroti: Gurudumu, na mtu mwenye fimbo tatu. Nyingine hazimo kabisa: baharia Mfoinike aliyezama, bibi wa majabali, mfanyabiashara mwenye jicho moja. Aliyeangikwa anatafutwa na haonekani. Katika maelezo aliyoambatisha mwishoni, Eliot alikiri kwamba hakuijua barabara seti ya taroti na kwamba aliiacha pale alipoona inamfaa. Hata hivyo wasomaji waliendelea kuzifukua karata kutafuta ufunguo, hata katika mhadhara wa mwaka 1956 huko Minnesota Eliot akajuta kuwa aliwapeleka watu wengi katika msako usio na faida. Jibu lilikuwa ndani ya shairi lenyewe. Baharia aliyezama hana maana katika kijitabu chochote. Anaipata katika sehemu ya nne, anapoonekana amekwisha kuzama kweli. Shairi linaota karata zake, kisha linazifasiri kwa yale yanayofuata.

Italo Calvino alikwenda mbali zaidi. Katika Il castello dei destini incrociati, kitabu kilichotoka kikamilifu mwaka 1973, wasafiri waliovuka msitu wanajikuta ngomeni wamepotewa na sauti. Kila mmoja anasimulia yaliyompata kwa kupanga karata mezani. Safu za mmoja zinakatiza safu za mwingine, hivi kwamba karata moja inatumikia visa viwili au vitatu, na katika kila kisa ni kitu kingine. Calvino alieleza kwamba alizitazama karata kwa jicho la mtu asiyezijua. Hiyo ndiyo nidhamu ambayo mfasiri wa ndoto anaihitaji: kuanza na kilichoonekana, si na jina lake.

Pingamizi kubwa linatoka papo hapo. Ikiwa karata hubadilika maana kwa kila jirani, je, fasiri yoyote si itakubalika? La. Mezani kwa Calvino karata ikishawekwa hubanwa na ile iliyoitangulia na ile inayoifuata, na msimulizi hawezi kuziruka. Ni hivyo hivyo katika riwaya ya Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, ambayo mara nyingi husomwa kama ndoto. Kumwita paa anayesakwa humo ukweli na kuishia hapo ni kazi ya kijitabu. Mhakiki mwenye adabu atafuata paa anavyotokea na kutoweka, nani yupo na nani hayupo, na ataliacha neno ukweli lisubiri mpaka msako wenyewe ulidai. Anayedai kwamba paa ni kitu chochote atazuiwa na sura zenyewe.

Tofauti moja inabaki, na haipaswi kufichwa. Wasafiri wa Calvino wanayajua yaliyowapata. Wamekosa sauti tu. Mwotaji ana sauti, lakini hajui anasimulia nini. Kwa hiyo fasiri ya kopa kuwa deni ni swali linalorudishwa kwake. Kama lipo deni, liwe la fedha au la ahadi, na kama alikumbushwa jana yake, fasiri itasimama, na mnara utaweza kusomwa kama nyumba inayohofiwa kuanguka kwa sababu hiyo. Kama halipo, fasiri iachwe bila masikitiko, hata ikiwa ilikuwa nzuri. Na hata ikisimama, uso wa yule kijana, uliotulia namna ile huku amening'inia, bado haujafasiriwa, wala deni halitoshi kuueleza.