Mwili wa Kupandikizwa, Imani na Undugu wa Hiari katika Riwaya ya Noor ya Nnedi Okorafor

Ikisiri

Makala hii inahakiki riwaya ya Noor (2021) ya Nnedi Okorafor kwa kuchunguza namna vipandikizi vya mwilini, imani na undugu usio wa damu vinavyoshikamana katika ujenzi wa maana. Hoja inayojengwa ni kwamba swali kuu la riwaya hii si iwapo mashine inaweza kuwa mtu, bali ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kuwa mtu fulani si mtu. Makala inaonesha kuwa riwaya inalijibu swali hilo kwa uzito zaidi inaposimulia maisha ya wakimbizi wawili kuliko inapomkabidhi mhusika mkuu nguvu zisizo za kawaida.

1.0 Utangulizi

Nnedi Okorafor alizaliwa Marekani mwaka 1974 na wazazi Waigbo kutoka Nigeria. Miongoni mwa kazi zake zinazofahamika sana ni Who Fears Death (2010) na Binti (2015). Mwandishi huyu amekuwa akisisitiza kuwa kazi zake ni bunilizi za mustakabali wa Kiafrika, yaani bunilizi ambazo kitovu chake ni Afrika yenyewe, si Afrika inayotazamwa kutoka Marekani. Noor inatimiza dai hilo. Matukio yake yanaanzia Abuja na kuelekea majangwa ya kaskazini mwa Nigeria, na migogoro yake inatokana na mambo ambayo wasomaji wa eneo hilo wanayafahamu: uhasama kati ya wafugaji na wanavijiji, hofu ya ugaidi, na kampuni kubwa inayovuna rasilimali za wengine.

Katika kumbukumbu zake, Broken Places & Outer Spaces (2019), Okorafor anasimulia jinsi upasuaji wa uti wa mgongo alioufanyiwa akiwa na umri wa miaka 19 ulivyomwacha amepooza miguu kwa muda, na jinsi alivyoanza kuandika katika kipindi hicho. Taarifa hii ina manufaa kwa mhakiki, ila haipaswi kuigeuza riwaya kuwa wasifu. Inachoeleza ni kwa nini mwili katika Noor hausimuliwi kama fumbo la kifalsafa pekee. Ni mwili unaouma, unaohitaji kutunzwa na unaochosha.

2.0 Dua ya Wazazi na Jina la Mtoto

Mhusika mkuu, Anwuli Okwudili, anapenda kuitwa AO. Kwake herufi hizo zina maana ya kiumbe cha kutengenezwa. Alizaliwa na kasoro nyingi za mwili, na baadaye ajali ya gari ikamwongezea ulemavu. Viungo alivyopoteza au ambavyo hakuwahi kuwa navyo vimechukuliwa na mashine, na hata ubongo wake una vipandikizi.

Jambo zito zaidi linatangulia teknolojia yote hiyo. Wazazi wake, walipojua hali ya mimba, walitumia siku nyingi wakiomba mtoto afariki kwa amani kabla ya kuzaliwa. Mtoto akaishi. Okorafor hawachori wazazi hawa kama watu wakatili; dua yao ilitokana na huruma. Hata hivyo, ni huruma iliyokwishaamua kuwa maisha ya namna hiyo hayafai kuishiwa. Mgogoro wa kiimani wa riwaya umejengwa juu ya msingi huu. AO ni jibu la dua ambayo haikukubaliwa, na kila hatua anayopiga kwa miguu ya chuma inauliza swali ambalo waumini wengi hulikwepa: je, dua isipokubaliwa kama ilivyoombwa, aliyeomba yuko tayari kulipokea jibu jingine?

Jamii inayomzunguka haiko tayari. Wapo wanaomwona kuwa kazi ya shetani. Siku anapokwenda sokoni, mahali alipozoea kununua mahitaji yake, wanaume wanamshambulia. Anajitetea kwa nguvu za viungo vyake, na washambuliaji wanakufa. Kuanzia hapo anakuwa mtoro. Ni muhimu kutambua kuwa waliomvamia hawakumtuhumu kwa tendo lolote. Kosa lake lilikuwa mwili wake.

3.0 Kiungo Bandia: Hukumu Iliyomo katika Lugha

Mhakiki anayeisoma riwaya hii kwa jicho la Kiswahili anakutana na tatizo lenye mafunzo. Mguu wa AO kwa Kiswahili ni mguu bandia, na neno bandia ndilo hilo hilo linalotumika kwa noti bandia, dawa bandia na vyeti bandia. Kwa hiyo, kabla msimulizi hajatamka lolote, lugha imekwishaweka mguu huo upande wa udanganyifu. Vivyo hivyo, majina ya zamani ya watu wenye ulemavu, kama vile kiwete, kipofu, kiziwi na kilema, yana umbo la ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wake wa kisarufi hubaki kuwa wa watu: kipofu amefika, si kipofu kimefika. Umbo la nomino linamsogeza mtu kuelekea kitu, huku kitenzi kikimrudisha katika utu.

Mvutano huo ndio anaouishi AO. Jamii inampa umbo la kitu, naye anadai upatanisho wa mtu. Anachofanya si kulikana neno la kutengenezwa. Analichukua na kulifanya jina lake. Katika insha yake ya mwaka 1985 kuhusu saibogi, Donna Haraway alidai kuwa kiumbe mseto wa mwili na mashine kinavuruga mipaka kati ya asili na kisichokuwa asili. Okorafor anaongeza jambo ambalo nadharia hiyo haiwezi kulibeba peke yake: mipaka inapovurugwa, anayelipa gharama ni mwenye mwili huo, tena sokoni, mbele ya watu.

4.0 DNA na AO: Undugu Usio wa Damu

Akiwa mafichoni, AO anakutana na mchungaji Mfulani, Dangote Nuhu Adamu, anayejulikana kwa kifupi kama DNA. Wenzake wameuawa na wanavijiji waliowadhania kuwa magaidi, na katika kundi lake wamebaki ng'ombe wawili tu, GPS na Carpe Diem. Ulimwengu unaotazama kila kitu kwa matangazo ya moja kwa moja umekwishawahukumu wote wawili: huyu ni mwuaji, yule ni gaidi.

Majina haya yanastahili kuzingatiwa. DNA ni kifupisho cha vinasaba, ishara kuu ya ukoo na damu. AO ni ishara ya kisicho na ukoo. Mwandishi anawakutanisha jangwani na kuwafanya wategemeane. Aidha, ndani ya jina la DNA wamo Adamu na Nuhu, yaani baba wa watu wote na nabii aliyevuka gharika na wanyama wake. Nuhu huyu wa jangwani hana safina. Dhoruba anayoikabili ni ya mchanga, na aliye naye si mke wala mtoto, ni mwanamke asiyemjua. Kwa njia hii riwaya inatumia hazina ya imani kuandika upya wazo la familia: wanaookolewa pamoja ndio wanaokuwa jamaa.

Wazo hili halina ugeni katika Kiswahili. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na desturi ya kuchanjiana iliwafanya wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu kwa kukata ngozi na kuchanganya damu. Undugu huo pia ulikuwa wa kutengenezwa, na ulipitia jeraha la mwili, lakini hakuna aliyeuita undugu bandia. Katama Mkangi naye, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo angani kwa chombo cha adhabu na kumfikisha katika jamii ambayo jina lake lenyewe ni tamko la undugu: wale ni sisi. Tofauti ni kwamba Mkangi anajenga jamii kamilifu nje ya dunia, ilhali Okorafor anawaficha waliokataliwa ndani ya dunia iliyowakataa, katikati ya dhoruba isiyokoma iitwayo Jicho Jekundu.

5.0 Nuru Inayouzwa

Neno noor ni la Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri, kwa sababu ndilo lililotupa neno nuru. Katika riwaya ni jina la mitambo mikubwa inayovuna nishati ya upepo katika Jicho Jekundu. Neno lenye uzito wa ibada limegeuzwa nembo ya bidhaa. Kampuni ya Ultimate Corp, iliyoenea karibu kila mahali, haikuikataza imani. Imeazima msamiati wake. Hapa ndipo distopia ya Okorafor inapotofautiana na ile inayotegemea askari na magereza. Udhibiti wake unapitia huduma: umeme, bidhaa, matangazo, na vipuri vya miili. AO anayetegemea mashine ili atembee hawezi kuikataa teknolojia kwa jumla, na riwaya haimtaki aikataye. Inamtaka aulize inamilikiwa na nani.

6.0 Udhaifu wa Suluhisho

Hata hivyo, kadiri hadithi inavyosonga, AO anapata uwezo wa kuingia na kuamuru mitambo kwa akili yake. Uwezo huo unasisimua, lakini unadhoofisha hoja. David Mitchell na Sharon Snyder, katika kitabu chao cha mwaka 2000, walionesha kuwa masimulizi mengi huutumia ulemavu kama gongo la kuegemea: hadithi inauhitaji ili itembee, kisha inauponya au kuutupa. Okorafor haumponyi AO, na hilo ni la kusifiwa. Lakini anamlipa. Heshima ya AO inaanza kufanana na ujira wa nguvu zake, na msomaji anabaki na swali: je, kama vipandikizi vyake vingemwezesha kutembea tu, bila kumwezesha kuangusha kampuni, angestahili utu kidogo zaidi?

Washambuliaji wa sokoni nao wamechorwa kwa haraka. Wazazi waliopewa dua yenye utata wanaeleweka. Umati wenye chuki hauna historia. Kwa kuwa riwaya inapinga kuhukumu watu kwa sura, ilitarajiwa iupe umati huo angalau uso mmoja.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa ushindi wa kweli katika Noor haupatikani katika mapambano na Ultimate Corp. Unapatikana pale DNA, aliyepoteza wenzake wote, anapokubali kusafiri na mtu ambaye dunia nzima imemwita mwuaji, bila kujua kama ana nguvu zozote za kumfaa. Hapo utu unatolewa bila malipo. Kwa fasihi ya Kiswahili, riwaya hii inaacha kazi ya kufanywa na watunzi na wafasiri: kutafuta jina la kiungo cha kutengenezwa ambalo halimwiti mwenye kiungo hicho mwongo.