Maelezo ya Jukwaani na Matakwa ya Mtunzi: Kutoka Mbuyu wa Mashetani hadi Kifudu cha Mekatilili

Tamthilia iliyochapishwa ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya wahusika wanaosemezana. Ya pili hufungiwa katika mabano au hupigwa chapa kwa herufi za mlazo, nayo ni ya mtunzi mwenyewe akimwambia mwelekezi na mwigizaji atakalo. Mwanafunzi wa Malindi au Kilifi, sawa na wenzake kote Kenya, aghalabu huijua tamthilia kama kitabu cha mtihani kabla ya kuiona jukwaani. Huyakariri mazungumzo na kuyaruka mabano kama mtu arukaye dimbwi njiani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mabano hayo ndimo matakwa ya mtunzi yalimo, na kwamba matakwa hayo yana mpaka.

Ebrahim Hussein hakuyaachia mabano peke yake kazi hiyo. Katika utangulizi wa Kinjeketile (1969) alitenga Kinjeketile wa historia, aliyehusika na vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na Kinjeketile wa jukwaani aliye kiumbe cha sanaa. Utangulizi huo ni agizo kubwa kuliko maelezo yote yaufuatao. Mapokeo ya wenyeji husema kwamba Kinjeketile aliingia mtoni akatoka siku ya pili nguo zikiwa kavu. Mwelekezi anayelionyesha jambo hilo kama muujiza usio na shaka amewafurahisha watazamaji, lakini amemnyang'anya mtunzi swali lake, yaani je, imani inayowaunganisha watu ni nguvu au ni mtego?

Katika Mashetani (1971) jambo hilo huwa zito zaidi. Mchezo hufunguliwa chini ya mbuyu, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu. Baadaye tu ndipo hudhihirika kwamba Juma na Kitaru walikuwa wakiigiza. Sasa mchezo huo na uhamishiwe Kilifi, ambako mibuyu imesimama kila upande na baadhi yao huheshimiwa kama makao ya pepo. Mbuyu wa maboksi yaliyopakwa rangi utawaambia watazamaji kwamba haya ni maigizo. Mbuyu wa kweli, umefungwa vitambaa vya mzimuni, utawaambia kwamba shetani yupo. Neno la mtunzi ni lile lile, "mbuyu", lakini maana zimekuwa mbili. Ni dhahiri basi kwamba maelezo ya jukwaani hayajitoshelezi: hukamilishwa na mahali yanapotekelezwa.

Wako watunzi wasiokubali hivyo. Mwaka 1984, katika Marekani, Samuel Beckett alipinga vikali tamthilia yake Endgame ilipowekwa katika mandhari ya njia ya treni ya chini ya ardhi badala ya chumba kitupu alichokiagiza. Mchezo uliendelea, lakini pingamizi lake lilichapishwa katika programu ya watazamaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mabano ni sehemu ya utungo, na anayeyavunja ametunga mchezo mwingine.

Hoja hiyo ina nguvu pale mtunzi anapoagiza kilicho chake. Lakini itakuwaje anapoagiza kisicho chake? Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, husimuliwa kwamba alizunguka vijijini akicheza kifudu, watu wakamfuata, hata wakala viapo katika Kaya Fungo. Kifudu ni ngoma ya matanga. Si ya kila mtu wala ya kila siku. Mtunzi akiandika katika mabano "Mekatilili acheza kifudu", ameandika maneno matatu tu. Hata hivyo, ameamuru ngoma ya wafu ichezwe na wanafunzi mbele ya waamuzi wa mashindano wanaotoa alama. Wazee wakikataa, hawatakuwa wameshindwa kuifahamu sanaa. Watakuwa wamedai haki ya utunzi iliyoitangulia ya mwandishi.

Haifuati kwamba Mekatilili asiandikiwe tamthilia, wala kwamba kifudu kibadilishwe kwa ngoma yoyote ya kuchangamsha ukumbi. Kumchezesha Mekatilili ngoma ya arusi kungekuwa uongo mbaya zaidi, kwa kuwa nguvu ya tendo lake ilikuwa hiyo: alikichukua kilicho cha msiba akakifanya mwito, kana kwamba nchi yenyewe ilikuwa imefiwa. Maelezo yanayofaa yangeitaja sababu hiyo waziwazi, yakaacha namna ya kucheza, na hata uamuzi wa kutocheza kabisa, kwa wenye ngoma. Mwelekezi akijua kwa nini mwanamke huyu anacheza, anaweza kuutimiza utashi wa mtunzi kwa mguu mmoja unaoinuliwa gizani. Asipojua, ngoma kumi hazitamsaidia.