Kichaa wa Jalalani Ametuchosha

Katika miswada tunayosomeana sisi vijana wa Temeke na Kinondoni kuna mhusika mmoja simkosi. Amevaa matambara, nywele timtim, anaokota makopo jalalani, na kila akifungua mdomo anatoa maneno mazito juu ya rushwa na viongozi. Watu wanamcheka, lakini mwandishi anatukonyeza: huyu ndiye mwenye akili peke yake! Mwishoni anagongwa na gari. Jina hana, mama hana, kidonge hajawahi kumeza. Mimi nimemchoka.

Ugumu ni kwamba mzizi wake uko katika vitabu vizuri, au tuseme katika namna tulivyofundishwa kuvisoma. Tuchukue Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anasimulia mwenyewe kwa "mimi", nasi tunaingia kichwani mwake mpaka tunakosa hewa. Anaoa, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na mwishowe Kazimoto anajiua. Wahakiki wanatuambia hiyo ni falsafa ya udhanaishi, maisha hayana maana. Sawa, falsafa imo. Lakini mbona hatuulizi swali ambalo hata mama lishe angeuliza: huyu kijana alikuwa anaumwa? Nani pale kwao angemkalisha chini amwulize habari za moyo wake? Na kama angejaribu akaokolewa, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kingemfanya mkosaji. (Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba.) Rosa Mistika naye, katika riwaya ya 1971, anajiua, tukaandika kwenye daftari: malezi mabaya. Tukafunga daftari.

Simlaumu Kezilahabi. Yeye kazi yake aliifanya. Kutupa sauti ya Kazimoto mwenyewe lilikuwa jambo la ujasiri. Nalaumu usomaji unaokimbilia dhamira na ujumbe ukimwacha mgonjwa kitandani.

Mashetani ya Ebrahim Hussein, nayo ya 1971, imepata balaa hilo hilo. Juma na Kitaru wanacheza mchezo wa shetani na mbuyu, na Kitaru anaanza kuugua ugonjwa usio wa mwili. Haraka haraka tunasema shetani ni ukoloni mamboleo. Ni kweli, bwana, wala sibishi. Lakini mtazame Juma. Ukoo wake ulikuwa na hadhi Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, na bibi yake bado anaishi katika siku zile. Mimi hapo nasoma jambo jingine: watu wachache walioshushwa hawana ruhusa ya kuumwa. Bibi akilia, kilio chake kinahesabiwa kuwa ni kiburi cha kutaka alivyopoteza. Nani atasema labda anahitaji daktari?

Kwa nini tulikimbilia kuufanya ugonjwa kuwa alama? Nadhani sababu ipo, tena ya heshima. Daktari wa kikoloni J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari kule Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Ndani yake alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele. Yaani rangi nzima ilipewa cheti cha ugonjwa! Frantz Fanon alimkosoa mwaka 1961, katika kitabu kilichotufikia kwa Kiswahili mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kazi ya Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga. Baada ya tusi kama lile, kuandika habari za Mwafrika mwenye maradhi ya akili kulikuwa kama kumpa adui fimbo. Afadhali kusema mgonjwa ni mfumo. Naelewa. Ila mfumo haufungiwi chumba cha uani.

Huku Mbagala anafungiwa mtu. Jirani mmoja, mama wa Kimakonde, ana kijana aliyeanza kusikia sauti. Mtaa haukusema kijana anaumwa. Mtaa ulisema: "Hao Wamakonde ndivyo walivyo, wametoka na mambo yao huko Ruvuma." Angekuwa mtoto wa kabila kubwa ingekuwa aibu ya nyumba yake, kwa kuwa ni wa watu wanaoitwa wageni hata baada ya vizazi vitatu, ikawa aibu ya kabila zima. Mwenye nyumba akataka chumba chake. Mama akanyamaza hata kwa ndugu zake, maana nao waliona kijana anawaharibia jina. Mzigo juu ya mzigo. Siku hizi kijana anakwenda kliniki, anameza dawa, anashona viatu kituoni. Kuhusu serikali hajasema neno lolote zito. Analalamika tu kwamba dawa zinamkausha mdomo.

Mhusika wa namna hiyo sijamkuta katika hadithi zetu, na lugha yenyewe inatuzuia. Neno wazimu limebeba mizimu tumboni, kwa hiyo ukilitamka tu umeshampeleka mtu kwa mganga. Kisha tuna chizi, mwehu, punguani, bendera chuma. Hata hospitali tumezigeuza matusi. Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, konda wa daladala anakutajia ukichelewa kutoa nauli. Unguja watakutajia Kidongo Chekundu, Nairobi watakutajia Mathari. Mgonjwa akitoka huko amepona, jina la mahali alikopona ndilo linalomzomea njiani. Methali ya mficha maradhi tuliimba sana kwa ukimwi na kifua kikuu. Kwa haya maradhi sijasikia ikiimbwa mtaani kwetu.

Mwenzangu mmoja aliyesoma sura za riwaya yangu ameniambia mgonjwa wangu "hana ujumbe". Eti anakula, anagombana na dada yake juu ya redio, anasahau dawa, anakumbuka. Katika sura ya saba dada huyo anaposwa, na washenga wanamwuliza mjomba kwa sauti ya chini, "Kwenu kuna mtu?" Wanasema mtu tu, na kila aliyekaa mkekani anaelewa. Mwenzangu anataka mgonjwa atokee hapo ahutubie. Nimekataa. Namwacha chumba cha pili, anasikia kila kitu, anangoja mjomba ajibu nini.

Kwa watakaoniletea miswada mwezi ujao: kichaa wenu akibidi kugongwa na gari, haya, agongwe. Lakini kwanza niambieni mama yake anaitwa nani, na asubuhi ile alimwachia chai au hakumwachia.