Urefu, Kimo na Mwinuko: Istilahi za Kupimia Uso wa Zuhura

Miongoni mwa maneno yanayotumikishwa kupita kiasi katika tafsiri zetu za sayansi ni neno urefu. Barabara ina urefu, mti una urefu, mlima una urefu, na hata chombo kilichoko angani huambiwa kuwa kiko katika urefu fulani. Katika mazungumzo ya kila siku msikilizaji hapotei, kwa sababu anakijua kitu kinachosemwa. Lakini tafsiri ya kitaalamu humpeleka msomaji mahali asipopajua, na huko neno ndilo kiongozi wake wa pekee. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno hilo na jamaa zake kwa mfano mmoja: upimaji wa uso wa sayari ya Zuhura kwa rada.

Zuhura imefunikwa na mawingu mazito yanayozuia upimaji wa kamera za kawaida, lakini mawimbi ya rada huyapenya. Chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer Venus, kilichofika huko Desemba 1978, kilitoa ramani ya kwanza ya miinuko ya sehemu kubwa ya sayari hiyo. Mwaka 1983 vyombo vya Urusi ya Kisovieti, Venera 15 na Venera 16, vilipima sehemu ya kaskazini. Kisha Magellan, chombo kingine cha Marekani kilichofika Agosti 1990, kilipata taswira za rada za asilimia 98 ya uso wote kabla ya kazi yake kukoma mwaka 1994.

Namna ya kupima si ngeni kwa mtu wa pwani. Nahodha hutupa bildi majini, akajua kina kilichoko chini ya chombo chake. Rada hutupa wimbi, nalo hugonga uso na kurudi kama mwangwi. Wimbi hilo husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukichelewa zaidi kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, maana yake uso uko mbali zaidi kwa mita 150. Lakini kina kinachosomwa kwenye bildi hubadilika maji yakijaa na yakipwa, na mchora ramani ya bahari hana budi kujua hali ya maji kabla ya kuandika tarakimu yake. Hali kadhalika, Magellan ilizunguka katika njia ya duaradufu, ikiikaribia sayari kwa chini ya kilomita 300 kisha kuiacha kwa zaidi ya kilomita 8,000. Umbali uliopimwa haukuwa na maana mpaka ijulikane chombo chenyewe kilikuwa wapi wakati huo, jambo lililojulikana kwa kufuatilia mawimbi yake ya redio kutoka duniani.

Basi tuna vipimo vinne. Cha kwanza ni umbali kutoka chombo hadi usoni. Cha pili ni umbali kutoka kitovu cha sayari hadi mahali hapo usoni, unaopatikana kwa kutoa umbali wa kwanza katika umbali wa chombo na kitovu. Cha tatu ni tofauti kati ya umbali huo wa pili na kiwango kilichochaguliwa kuwa msingi. Cha nne ni tofauti kati ya kilele cha mlima na nchi inayouzunguka. Mfasiri anayeviita vyote vinne urefu amevunja hesabu nzima, kwa kuwa msomaji hawezi tena kujua kipi kimetolewa katika kipi.

Madhara yake yanaonekana katika Milima ya Maxwell, iliyo mirefu kuliko yote katika Zuhura. Kilele chake kiko kilomita 11 hivi juu ya kiwango cha msingi. Lakini milima hiyo imesimama kando ya uwanda ambao wenyewe umeinuka kilomita kadhaa, na kwa hiyo aliyesimama uwandani angeona ukuta wa zaidi ya kilomita 6 tu. Tarakimu zote mbili ni za kweli. Zinakuwa uongo pale zinapopewa jina moja. Hata nyumbani jambo hili lipo: kila mwanafunzi anajua kwamba Kilimanjaro una mita 5,895, lakini mtu aliyesimama Moshi amekwisha panda mamia ya mita bila kutoa jasho.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mazoea yametufanya tuandike “juu ya usawa wa bahari” kila tunapotaja mlima. Zuhura haina bahari. Joto la uso wake hupita nyuzi 450 za Selsiasi. Kiwango cha msingi kinachotumika huko ni tufe la kufikirika lenye nusukipenyo cha takriban kilomita 6,052, ambacho ni wastani wa sayari nzima. Kwa sababu hiyo hiyo tunatilia shaka neno bara kwa maeneo mapana yaliyoinuka, kama Ishtar na Aphrodite. Katika Kiswahili bara husimama mkabala na pwani na kisiwa. Neno hilo huja likidondoka maji. Nyanda za juu linatosha, wala halidanganyi.

La tatu ni neno picha. Tumezoea kwamba katika picha penye weupe ndipo penye mwanga, na penye kivuli jua limezibwa. Katika kazi ya rada chombo chenyewe ndicho kinachotoa mawimbi yanayomulika, tena kwa ubavuni. Weupe huonyesha hasa uso wenye mawe na mikunjo, au mteremko unaokielekea chombo, au vitu vinavyorudisha mawimbi kwa nguvu. Uwanda laini huonekana mweusi. Rangi ya machungwa iliyoenea katika taswira za Magellan iliongezwa na wataalamu kwa kufuata rangi zilizoonekana mwaka 1982 katika picha za Venera 13 na Venera 14, vyombo vilivyotua huko. Tena, katika baadhi ya michoro milima ilitiwa chumvi, ikakuzwa kwenda juu mara 10 au zaidi. Maelezo ya Kiswahili yakiliacha jambo hilo, mwalimu atafundisha kwamba Zuhura ni sayari ya vilele vilivyochongoka, ilhali miteremko mingi ya volkano zake ni ya polepole.

Hatimaye kuna usahihi na upambanuzi. Taswira za Magellan hupambanua vitu vya mita 100 hivi, lakini kipimo kimoja cha mwinuko kilikusanya mwangwi wa eneo la kilomita nyingi. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kwa mita chache na bado kisipambanue kilima na bonde vilivyo jirani.

Yaelekea wako watakaosema kwamba muktadha hutosha. Hatukubaliani nao. Mwaka 2023 watafiti waliolinganisha taswira za Magellan za mwaka 1991 walieleza kwamba tundu la volkano karibu na Mlima Maat lilibadilika umbo katika miezi minane tu. Anayetaka kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili lazima aseme bila kuyumba kipi kilichobadilika: sura ya tundu, mwinuko wake, au pembe ambayo rada ilitazama.

Kwa hiyo tunapendekeza: umbali wa chombo kwa kipimo cha kwanza; nusukipenyo cha mahali kwa cha pili; mwinuko kwa cha tatu, nao utajwe daima pamoja na kiwango chake cha msingi; na kimo kwa cha nne. Urefu ubaki kwa vitu vilivyolala, kama mabonde na mifereji ya lava. Taswira ya rada itengwe na picha ya kamera. Maneno haya yote wananchi wanayo tayari. Kilichokosekana ni mgawanyo wa kazi. Tunayatoa yajadiliwe na walimu na wafasiri, na palipo na neno bora zaidi tutalipokea.