Ushindi na Ukopaji: Uhakiki wa Hoja ya 1066 kuhusu Msamiati wa Utawala katika Kiingereza

Katika maandishi mengi ya historia ya Kiingereza, msamiati wa utawala hutolewa kuwa ushahidi wa ushindi wa kivita. Hoja yenyewe ni rahisi: mwaka 1066 Wanorman waliiteka Uingereza, wakashika mahakama, hazina na ardhi, ndiyo maana maneno kama "government", "parliament", "crown", "minister" na "tax" yana asili ya Kifaransa. Walter Scott aliipa hoja hii umbo la kifasihi katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819. Humo, mchekeshaji Wamba anamweleza Gurth, mchunga nguruwe, kwamba mnyama huitwa kwa Kisaksoni akiwa machungani na kwa Kinorman akiwa mezani pa bwana. Uhakiki huu unashikilia kuwa hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inachanganya masuala mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani alitawala, na maneno yaliingiaje katika lugha.

Kwanza, hoja hii hainyamazi tu kuhusu maneno yaliyosalia, bali inayahitaji yasiwepo. Cheo cha juu kuliko vyote, "king", ni cha Kiingereza cha Kale. Vivyo hivyo "queen". Neno "lord" lilitokana na muungano wa maneno mawili yenye maana ya mlinzi wa mkate, na "sheriff" alikuwa msimamizi wa eneo liitwalo "shire". Mfano wa "earl" unafundisha zaidi. Cheo hicho cha wenyeji kilibaki, lakini mke wa mwenye cheo huitwa "countess", neno la Kifaransa. Katika nyumba moja lugha mbili zinaishi pamoja, na haiwezekani kusema kuwa mume ni mshindwa na mke ni mshindi. Hata neno "law", ambalo ndilo msingi wa mamlaka yote, si la Wanorman. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia na lilikuwa limekwisha kukita mizizi kabla ya 1066.

Pili, hoja haiafikiani na wakati. Otto Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka 1905, alipanga sampuli ya maneno elfu moja yenye asili ya Kifaransa kwa kufuata tarehe ya kuonekana kwake katika maandishi. Karibu nusu yake yaliingia kati ya 1250 na 1400. Ikiwa upanga ndio ulioleta maneno, basi yangefurika mara tu baada ya vita. Kinyume chake, mafuriko yalikuja baada ya mwaka 1204, mfalme John alipoipoteza Normandy, na matajiri wa Uingereza wakaanza kuiacha lugha ya baba zao. Mwaka 1362 sheria iliamuru mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza kwa kuwa Kifaransa hakikueleweka vya kutosha nchini. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo, maneno mengi hayakubebwa na Kifaransa kilipokuwa kikitamalaki, bali kilipokuwa kikiondoka. Waliohamia Kiingereza walikuja na istilahi za kazi zao.

Tatu, neno la kukopa halibaki mali ya aliyelileta. Mwaka 1649, baada ya kumwua mfalme Charles I, Waingereza waliita dola yao isiyo na mfalme "Commonwealth": nusu ya kwanza ya neno hilo ina asili ya Kifaransa, nusu ya pili ni ya kienyeji. Msamiati unaodhaniwa kuwa alama ya utumwa ulitumika kuiondoa taji.

Umuhimu wa jambo hili kwa mtafiti wa Kiswahili hauna budi kusisitizwa. Mantiki ileile ya Wamba hutumika pwani yetu: kwa kuwa "serikali" ni la Kiajemi, na "dola", "waziri" na "sultani" ni ya Kiarabu, hudhaniwa kwamba utawala wenyewe uliletwa kutoka ng'ambo. Hata hivyo, karne nyingi kabla ya utawala wa Omani, watawala wa Kilwa walitoa sarafu zenye majina yao kwa hati za Kiarabu, na cheo cha Mwinyi Mkuu huko Unguja, ambacho ni cha Kibantu, kiliendelea hata baada ya masultani wa Omani kuhamia Zanzibar. Neno la kukopa linathibitisha kukutana. Halithibitishi kwamba mkopaji hakuwa na kitu.

Kutokana na hayo, uhakiki huu unapendekeza kwamba mtafiti anayetumia asili ya neno kuwa ushahidi wa kihistoria ajibu kwanza maswali matatu: neno lilionekana lini, lilichukua nafasi ya neno gani, na lilitumiwa na nani. Pasipo majibu hayo, orodha ya maneno ya mkopo inabaki kuwa orodha tu, na historia inayojengwa juu yake ni ya kubuni, kama ilivyo ile ya Wamba.